Rais wa Interpol Aliyefungwa kwa Rushwa

SWALI: Ndugu Mhariri, tukiwa msibani mzee mmoja alitueleza kwamba Mwafrika wa kwanza kuiongoza Interpol, shirika la polisi la kimataifa, aliishia gerezani kwa kosa la rushwa, na kwamba fedha zenyewe hazikuwa nyingi kwa mtu wa cheo chake. Baadhi yetu tulimbishia. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mtu mkubwa kiasi hicho alinaswaje? – Msomaji wa Morogoro

JIBU: Mzee wenu alisema kweli. Anayemzungumzia ni Jackie Selebi, aliyeteuliwa kuwa Kamishna wa Taifa wa Polisi wa Afrika Kusini mwaka 2000 na kuchaguliwa kuwa rais wa Interpol mwaka 2004.

Hakuwa mtu aliyeokotwa njiani. Alikuwa mwalimu, akaongoza vijana wa chama cha ANC uhamishoni, kisha akawa balozi wa nchi yake katika Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Mwaka 1997 aliongoza mkutano wa Oslo uliokubaliana juu ya mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya binadamu, na mwaka uliofuata akaongoza kikao cha Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Nayataja haya kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba afisa mla rushwa alikuwa mhalifu tangu mwanzo, ilhali Selebi aliingia katika polisi akiwa na heshima aliyoichuma kwa haki.

Kilichomwangusha ni urafiki. Rafiki huyo aliitwa Glenn Agliotti, mfanyabiashara ambaye baadaye alitiwa hatiani kwa magendo ya dawa za kulevya. Jina lake lilivuma baada ya tajiri wa migodi, Brett Kebble, kuuawa kwa risasi mjini Johannesburg mwezi Septemba 2005. Agliotti alishtakiwa kwa mauaji hayo na mahakama ikamwachia huru mwaka 2010. Magazeti yalipoanza kuuliza mkuu wa polisi ana ukaribu gani na mtu wa aina hiyo, Selebi alijibu kwamba Agliotti ni rafiki yake, basi, na kwamba mikono yake yeye ni safi.

Mahakamani ilidhihirika kwamba urafiki huo ulikuwa na malipo ya pande zote mbili. Agliotti, akiwa shahidi wa serikali aliyeahidiwa kinga iwapo angesema kweli, alieleza jinsi alivyokuwa akimpa Selebi fedha taslimu na kumnunulia nguo na viatu. Naye Selebi alimwonyesha Agliotti nyaraka za siri, ikiwemo taarifa kutoka Uingereza iliyomhusu Agliotti mwenyewe. Hapo ndipo penye uzito wa kesi hii. Upande wa mashtaka ulidai kwamba Selebi alipokea zaidi ya randi milioni moja, lakini Jaji Meyer Joffe aliridhika na ushahidi wa kiasi kidogo zaidi, takriban randi 120,000. Wanaomtetea Selebi huishika tarakimu hiyo na kusema alionewa. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa maana kilichouzwa ni siri za dola, na mpelelezi anayehatarisha maisha yake kumfuatilia mlanguzi hana pa kukimbilia ikiwa mlanguzi huyo anasomewa faili lake na mkuu wa polisi.

Kumnasa hakukuwa kazi nyepesi. Uchunguzi ulifanywa na kikosi maalumu kilichoitwa Scorpions, kilichokuwa chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa Taifa, Vusi Pikoli, nje kabisa ya mamlaka ya Selebi. Mwezi Septemba 2007 Pikoli alipata hati ya kumkamata Selebi, na mwezi huohuo Rais Thabo Mbeki akamsimamisha kazi Pikoli. Serikali ilitoa sababu nyingine, lakini wananchi wengi waliona kwamba mkuu wa polisi analindwa, hasa kwa kuwa mwaka mmoja kabla Mbeki alikuwa amewaomba viongozi wa dini wamwamini katika suala la Selebi. Pikoli hakurudishwa kazini, na kikosi cha Scorpions kilivunjwa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Hasara hiyo naiona kubwa kuliko fedha zote zilizotajwa mahakamani, kwa sababu nchi ilipoteza chombo ambacho mkuu wa polisi hakuweza kukiamuru.

Selebi alitiwa hatiani kwa rushwa tarehe 2 Julai 2010, ingawa hakuonekana na hatia katika shtaka la kupotosha haki, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Rufani yake ilitupwa Desemba 2011.

SWALI: Je, Interpol ilimfukuza, na alimaliza kifungo chake? – Msomaji wa Mombasa

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Alijiuzulu urais wa Interpol mwezi Januari 2008, siku moja baada ya Mbeki kumpa likizo katika ukamishna. Kuhusu kifungo, aliachiwa Julai 2012 kwa sababu ya ugonjwa wa figo, akiwa amekaa gerezani kwa takriban miezi saba na nusu. Watu walinung'unika, wakikumbuka wafungwa waliosamehewa kwa ugonjwa kisha wakaonekana wazima mitaani. Kwa Selebi manung'uniko hayo hayakuwa ya haki, kwani alikuwa mgonjwa kweli, akitegemea kusafishwa damu kwa mashine, na alifariki dunia tarehe 23 Januari 2015 akiwa na umri wa miaka 64.