Re: Tebo na imla bado zina kazi?

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kumfundisha mwanao tebo (jedwali la kuzidisha) na imla nyumbani, maana shule yake hapo Masasi siku hizi ni kazi za vikundi na miradi tu. Ipo haja, tena kubwa.

Mtaala wa umahiri, huo unaotaka mtoto aoneshe anachoweza kufanya badala ya kukariri tu, si mgeni, tunao tangu 2005. Lakini mwaka 2015 serikali yenyewe ililirudisha darasa la kwanza na la pili kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), kwa kuwa watoto walikuwa wanapanda madarasa hawajui kusoma.

Angalia msimu wa korosho. Mnada umepita, bei imetangazwa, mzee anatoa stakabadhi yake mfukoni: kilo 83. Zidisha, toa makato ya chama cha ushirika. Mjukuu mwenye tebo kichwani anampa jibu hapohapo, na karani akikosea anamwona. Asiye nazo anatafuta simu, nayo haina chaji.

Wanasema kukariri kunaua kufikiri. Sasa afikiri kwa kutumia nini, kama 7 mara 8 tu inamtoa jasho? (Fimbo ni habari nyingine, hiyo siitetei.)

Imla ndiyo usiiache kabisa. Msomee sentensi chache jioni, ajisahihishe mwenyewe kwa kitabu, kisha aandike upya alipokosea. Kidato cha nne atajibu kwa kalamu, tena kwa Kiingereza; asiyezoea kuandika sentensi nzima huumbuka huko. Miradi ya vikundi aendelee nayo shuleni, haidhuru.