Kwa uliyeanza dozi ya methadoni wiki hii

Ndugu yangu, najua swali linalokunyima usingizi: "Hivi nitaweza kukaa bila unga wa heroini maisha yangu yote?" Wiki yangu ya kwanza nililibeba swali hilo mpaka likanichosha kuliko arosto yenyewe, yale maumivu ya kukosa unga. Litue. Wewe jiulize ya leo tu.

Huduma ya methadoni, dawa ya kunywa tunayopewa badala ya unga, ilianza Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011, na sisi tulioipitia tumejifunza mengi pale kwenye dirisha la dawa. Unga ulikuwa unakuishia mwilini ndani ya saa chache, ndiyo maana siku nzima ulikuwa mbioni kusaka kete nyingine, kipakiti kingine cha unga. Methadoni inakushika karibu saa 24. Unataja namba yako, unapewa kikombe, unakunywa mbele ya nesi, kisha unasema maneno mawili matatu ahakikishe umemeza. Mwanzoni niliona nadhalilishwa. Sasa maneno hayo nayatumia: namwambia leo nakwenda wapi na narudi nyumbani saa ngapi. Nikishayatamka, siku yangu ina njia.

Mchana ndio mgumu. Zamani kusaka hela ya kete kulikula saa zote, leo saa hizo zimebaki tupu mkononi. Kwangu saa nane ndiyo mbaya. Hamu ikipanda usibishane nayo, wala usiifuate maskani "kusalimia tu". Kaa chini, usikilize kilichopo. Mimi nilianza na muuza kahawa wa mtaani kwetu: namsikia akigonga vikombe kwa mbali, anasogea, anapita, sauti inapotea kwenye kona. Mara nyingi akishapotea yeye, hamu nayo imeshuka. Ikigoma, nafua nguo, hata zilizo safi.

Ya nyuma nayo yatakujia, hasa usiku. Mimi niliuza cherehani ya mama. Nilimwomba radhi mara nyingi sana, kila mara nikitaka anijibu palepale kwamba yamekwisha. Nikaacha kumsumbua. Nikaanza kumchotea maji asubuhi, ndoo mbili kabla ya kwenda kliniki. Hajasema kitu kuhusu cherehani. Ila siku hizi ndoo nazikuta zimeshaoshwa, zimewekwa mlangoni.

Hili nakuomba ulishike kwa nguvu zote: ukiteleza, sema. Ukikosa dozi siku kadhaa usidanganye, maana mwili unapoteza mazoea na kipimo cha jana kinaweza kukuua leo. Methadoni ukiichanganya na unga, pombe au dawa za usingizi kama valiamu inaweza kukuzimia pumzi usingizini. Nimezika wenzangu waliokuwa wameacha unga miezi kadhaa, wakarudi siku moja kwa kipimo kilekile cha zamani. Nesi hatakufukuza kwa kusema kweli, atamwita daktari apange dozi upya.

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa kwenye foleni. Ukifika, simama nyuma yangu, tukimaliza twende kwa yule wa kahawa.