Marudio yangu yanamnenepesha mwenye plant

SWALI: Habari za kazi wahariri, mi nachimba dhahabu huku Misungwi, mawe tunasaga kwenye karasha halafu tunaosha kwenye mwalo (ule mteremko wenye zulia la kunasa dhahabu), napata kidogo mno, ila jamaa wa plant ya sayanaidi (ile kemikali ya kuyeyusha dhahabu) akija kununua marudio yangu, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, hata bei habishani, analipa huku anacheka. Wenzangu wanasema niinue mwalo niongeze na zebaki ya kushika dhahabu, wengine ninunue mashine ya kuzungusha ya kutenga dhahabu. Nifanyeje?
Mchimbaji, Misungwi

JIBU: Kaka, mnunuzi asiyebishana bei ameshapima, we ndo hujapima. Chukua ndoo ya marudio, changanya, gawa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza osha kwenye karai taratibu, ya pili saga tena ndo uoshe. Dhahabu ikionekana kwenye ya kwanza, mwalo unaitupa. Ikionekana kwenye ya pili tu, ilikuwa bado imefungiwa ndani ya jiwe, hapo tatizo ni chekecheo la karasha, linapitisha chenga kubwa. Ila usisage mpaka iwe sembe, maji yataibeba. Isipoonekana kote, labda ni ile laini sana au imo kwenye salfaidi (madini yenye salfa), hiyo mwachie jamaa.

Mwinuko acha kwanza. Dhahabu ina uzito kama mara 19 ya maji, jiwe jeupe halifiki hata mara 3, yenyewe inataka kukaa chini sema we unaikimbiza. Kila mita ya urefu, kichwa cha mwalo kiinuke sentimita 15 hadi 18, na uji wa mchanga na maji umwagike kidogokidogo sio ndoo nzima bwaa! Afu zulia, hapa ndo wengi mnaumia, mnaliosha jioni wakati mchanga mweusi umeshajaza nyuzi tangu asubuhi, dhahabu inateleza juu yake tu. Likung'ute kila saa. Maji mnayorudisha nayo yakiwa tope yanashikilia ile laini, chimba shimo la pili yatulie.

Zebaki ukiimwaga kwenye mzigo wote inasagika vipande vidogo inaondoka na dhahabu yako, mvua ikija inashuka ziwani kwa sangara wetu hawahawa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa dunia wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020 na mtindo huo ni kati ya vinavyotakiwa kukomeshwa.

Mashine baadaye, inataka maji safi yenye presha na umeme usiokatika, unao? Pima ndoo kwanza utuandikie, na marudio ya wiki hii usimuuzie jamaa.