Kabla Hujanunua Dawa ya Nyanya, Mtazame Mdudu Mwenyewe

Wakulima wengi wa nyanya wakifika duka la pembejeo husema, "Nipe dawa ya wadudu." Muuzaji naye anatoa chupa inayotoka zaidi msimu huo. Mimi nalima nyanya Ilula, mkoani Iringa, na kila anayeniuliza apige dawa gani namwambia kwanza amtazame mdudu: ana miguu mingapi, mdomo wake ni wa kutafuna au wa kufyonza, na yuko hatua gani ya maisha yake. Pesa nyingi sana zinamwagwa shambani kwa kukosa kuangalia hayo.

Chukua mfano wa jani lililochorwa. Watu wakiliona tu wanasema kantangaze, yule nondo mharibifu wa nyanya, lakini si kila mchoro ni wake. Chuma jani hilo, linyanyue juani. Ukiona mchirizi mwembamba unaojipindapinda, na kinyesi kimefuata mstari ndani yake, huyo ni buu wa inzi mdogo anayetoboa majani. Ukiona doa pana lililovimba mithili ya lengelenge, nyama ya jani imeliwa zimebaki ngozi mbili zinazopitisha mwanga, na kinyesi cheusi kimerundikana pembeni, mshuku kantangaze. Sasa lipasue kwa ukucha. Buu wa inzi hana kichwa cha kuonekana wala mguu hata mmoja. Kantangaze ana kichwa kabisa, nyuma yake kuna utepe mweusi, chini ya kifua ana jozi tatu za miguu, na tumboni ana vimiguu vya nyama vya kushikia. Huyo ni kiwavi, mtoto wa nondo.

Tofauti hiyo ni pesa yako. Dawa za bakteria aina ya Bt zinazouzwa kwa ajili ya viwavi humuua kiwavi akizila pamoja na jani. Ukizipiga kwa buu wa inzi, hazimfanyi kitu.

Kantangaze asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, na Tanzania akaripotiwa mwaka 2014. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260 hivi, mojamoja, zaidi kwenye majani. Yai huanguliwa baada ya siku 4 hadi 7, kiwavi anapitia hatua nne huku akijivua ngozi, halafu wengi hushuka udongoni kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nondo. Anayetoka ni nondo wa kijivu, urefu wake milimita 5 hadi 7. Kwenye joto mzunguko wote huchukua takribani mwezi mmoja.

Fikiria sasa dawa ya kugusa, inayoua mdudu ikimpata mwilini, unayoipiga saa nne asubuhi. Kiwavi yuko katikati ya ngozi za jani, pupa yuko udongoni, na nondo amejificha akisubiri giza. Dawa itamgusa nani? Ndiyo maana natumia dawa inayopenya jani, viwavi wakiwa bado wadogo, na wakati huo naujua kwa mtego: beseni la maji ya sabuni, juu yake kidonge chenye harufu ya jike. Mtego huo hunasa madume peke yake, kwa hiyo usitegemee uwamalize wote. Kazi yake ni kukupa taarifa. Madume yakianza kuongezeka, mayai hayako mbali. Na ukibadilisha dawa, badilisha kiambato, yaani kile kitu chenyewe kinachoua, usibadilishe jina la chupa tu. Soma yale maandishi madogo, maana chupa mbili za majina tofauti zinaweza kuwa na kitu kilekile, na kantangaze huzoea dawa upesi.

Wafyonzaji wana habari nyingine. Vidukari na inzi weupe hawatafuni jani, wanachoma mdomo wa sindano na kunyonya utomvu, hivyo Bt haiwahusu. Watoto wa inzi weupe hutembea kidogo tu wakishaanguliwa, kisha hujibandika chini ya jani, na bomba linalopigwa kutoka juu haliwafikii. Elekeza mdomo wa bomba uvunguni mwa jani. Wakubwa wao hueneza virusi vya ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa manjano, ambao hauna tiba, kwa hiyo funika kitalu kwa neti yenye matundu madogo tangu miche inapoota.

Utitiri mwekundu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu watu huupiga dawa ya wadudu na hali inazidi kuwa mbaya. Utitiri una miguu minane. Ni jamaa wa buibui na kupe, na dawa nyingi za wadudu haziuui, ila zinawaua maadui zake. Mdogo aliyetoka kuanguliwa ana miguu sita, kwa hiyo hesabu kwa wakubwa, tena kwa lenzi. Dukani taja wazi: dawa ya utitiri.

Kuna mmoja nakusihi usimuue. Ni mweusi, ana madoa ya chungwa, miguu sita mirefu, anakimbia katikati ya vidukari. Hafanani kabisa na mzazi wake, yule mdudu kibibi wa mviringo mwekundu mwenye madoadoa, na wengi humponda wakidhani ni mharibifu. Anakula vidukari kutwa. Nikimkuta yeye, pamoja na vidukari vilivyovimba na kukauka rangi ya kahawia, ambavyo ndani yake mna mtoto wa nyigu mdogo, bomba silitoi stoo. Narudi kuangalia majani yaleyale baada ya siku chache, ndipo naamua.