Mwani mweusi unaorudi kila baada ya kusuguliwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nina tangi la samaki la lita 100 nyumbani kwangu Mwanga, Kigoma, ambalo nimelijaza maji ya ziwani na kupanda valisneria, mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe. Mawe na kingo za majani vimeota vishada vyeusi mfano wa ndevu. Kila Jumamosi ninavisugua kwa mswaki, lakini havichukui wiki mbili kabla ya kurudi. Taa huwaka tangu asubuhi hadi ninapokwenda kulala. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, huo ni mwani wa jamii ya mwani mwekundu, ijapokuwa machoni huonekana mweusi. Ukitaka kuhakikisha, chovya kishada kimoja katika spiriti, nacho kitageuka rangi na kuwa chekundu. Kuusugua hakutoshi, kwa sababu hushika kwa nguvu sana na mabaki yake huchipua upya.

Kiini cha tatizo lako, kwa maoni yangu, ni hiyo taa. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana pH (kipimo cha uasidi na ualikali) inayokaribia 9, na katika hali hiyo hewa ya ukaa iliyo huru ndani ya maji, ambayo mimea huihitaji ili ikue, huwa kidogo mno, kwani karibu kaboni yote imo katika umbo la bikaboneti, yaani kaboni iliyofungwa katika chumvi zilizoyeyuka majini. Valisneria, ambayo huota pia katika ziwa hilo, ina uwezo wa kuitumia bikaboneti, nawe umechagua vyema. Hata hivyo, mwanga ukizidi kile ambacho mmea unaweza kukitumia, ukuaji wake hukwama, na mwani, ambao huridhika na kidogo, huchukua nafasi. Punguza mwanga uwe saa 6 kwa siku, ikiwezekana kwa swichi inayojizima yenyewe, na ulisogeze tangi mbali na dirisha linalopigwa na jua la jioni. Badilisha theluthi moja ya maji kila wiki, na uwape samaki chakula wanachokimaliza ndani ya dakika 2.

Majani yaliyokwisha kushikwa yakate karibu na shina bila kuyahurumia, kwa kuwa hayatapona. Mawe yatoe nje, uyapake haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa katika maduka ya dawa, yakae dakika 5, kisha uyasuuze vizuri. Nakusihi usiimimine dawa hiyo tangini kwa kukisia, maana ikizidi huunguza matamvua ya samaki, na valisneria yenyewe haivumilii dawa kali. Vilevile, majani unayoyakata yafukie ardhini wala usiyatupe ziwani, hasa ikiwa una mimea iliyotoka kwingineko.

Usitazamie mawe yang'ae mara moja. Chunguza majani machanga yanayochipua katikati ya shina: yakifikisha wiki 4 yakiwa safi hadi kwenye kingo, unaweza kuongeza mwanga kwa nusu saa.