Miiko ya mama mkwe kutoka Accra

SWALI: Mama Mwalimu, jambo sana. Mume wangu ni Mghana, Mga (mtu wa kabila la Ga) wa Accra. Alifika Goma kwa biashara ya vitenge, tukaoana hapa. Sasa mama yake amekuja kututembelea na nyumba imejaa makatazo. Jua likizama nisishike ufagio, eti nitafagia bahati yetu. Mtoto wa miaka miwili nisimpe yai, atakuwa mwizi. Jumanne nisinunue samaki, kwao siku hiyo hakuna anayevua. Nami nilipomkataza asishuke bondeni mwa shamba letu la Bulengo kabla jua halijapanda, akacheka: kumbe na ninyi mna mashetani yenu! Nifuate yapi, niache yapi?
Mama Bahati, Keshero

JIBU: Mama Bahati, jambo. Nimefundisha kemia na biolojia hapa Goma tangu kabla ya lava ya mlima Nyiragongo ya 2002, na wanafunzi hawajawahi kuacha kuniletea maswali ya namna hii. Sianzi kwa kuuliza kama mashetani yapo. Nauliza katazo lilikuwa linakinga nini, na kama hatari ile bado ipo.

La ufagio ni jepesi. Usiku wa kibatari, sindano, ushanga au sarafu iliyoanguka hutoka na takataka, na asubuhi hujui ilikoenda. Kwetu nako umeme ukikatika mambo ni yale yale. Weka ufagio kando mpaka asubuhi. Huna unachopoteza, na mama atalala kwa amani.

La yai silikubali hata kidogo. Wazee wengi wa Ghana na Nigeria wamelelewa na neno hilo, na nafikiri naona lilikotoka. Yai ni kifaranga cha kesho, na kuku alikuwa akiba ya nyumba: anauzwa mtu akiugua, anachinjwa mgeni akibisha hodi. Mtoto akishaonja utamu, atajua njia ya kiotani. Ni hesabu ya mwenye kuku, lakini anayelipa ni mtoto. Na ushahidi unatoka Accra kwenyewe. Miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa akipokea pale watoto wa umri wa huyu wako, walioachishwa ziwa kwa sababu mdogo wao amezaliwa, wakalishwa uji wa mahindi karibu peke yake. Miguu imevimba, nywele zimepauka, ngozi inabanduka. Mwaka 1935 aliueleza ugonjwa huo kwa madaktari wa dunia kwa jina ambalo Waga wenyewe walikuwa wakilitumia, kwashiorkor. Ni bwaki yetu hii hii. Wewe ni mtu wa Kivu, umewaona watoto wa bwaki, na unajua kwamba wengine hutoka katika nyumba zenye foufou (ugali) ya muhogo kila siku. Tumbo limejaa, mwili hauna cha kujijengea.

Yai moja lina karibu gramu 6 za protini. Mpe mtoto, liive vizuri. Usifanye kwa kuficha jikoni, maana siku akigundua itakuwa vita. Mketi wote watatu na mume wako, umwombe mama alivunje ganda yeye mwenyewe na kumlisha mjukuu wake kwa mkono wake. Akisema mtoto atazoea kuiba, mwambie anayepewa mezani hahitaji kwenda kiotani. Akikataa, mume wako aseme. Hapa asikae katikati.

Jumanne naipenda. Waga wanasema ni siku ya mungu wa bahari, basi mitumbwi inavutwa ufukweni, nyavu zinashonwa, ugomvi wa wiki unaamuliwa. Samaki nao wanapata siku yao. Waashanti nao huacha jembe siku ya Alhamisi, kwa heshima ya Asase Yaa, ardhi. Na mwaka 2019 serikali ya Ghana yenyewe iliwafungia bahari hata wavuvi wa mitumbwi kwa mwezi mzima, tangu 15 Mei hadi 15 Juni, kwa sababu samaki wamepungua. Wazee walikuwa wameanza zamani! Natamani sisi wa Ziwa Kivu tungekuwa na katazo kali kama hilo juu ya nyavu za chandarua zinazozoa hata vitoto vya sambaza, samaki wetu wadogo. Lakini wiki ya Accra haifiki soko letu la Kituku. Nunua sambaza zako Jumanne, na umweleze mama kwamba wavuvi wetu nao wana mapumziko yao: mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi mingi hulala.

Sasa Bulengo, na hapa yeye ndiye akusikilize wewe. Mazuku, hayo anayoyaita mashetani yenu, si hadithi. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika nchi yetu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hivi, kwa hiyo hujikusanya mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo. Huioni. Mbuzi na watoto huanguka kwanza, kwa kuwa pua zao ziko karibu na chini. Mwambie pia habari ya Cameroon: tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos lilitapika gesi hiyo hiyo usiku, ikateremka mabondeni, watu zaidi ya 1,700 wakafa. Na Wakom wa milima ya huko walikuwa tayari na simulizi ya kale ya ziwa lililowameza watu walioingia kuvua.

Mwonyeshe dalili: majani yaliyokauka sehemu moja tu, panya, ndege au wadudu waliokufa bila jeraha. Asubiri jua lipande na upepo uvume. Na hili mlijue nyote nyumbani, mpaka watoto: mtu akianguka humo, asishuke mwingine kumfuata, maana ndivyo wanavyokufa wawili na watatu mahali pamoja. Piga kelele, simama juu upande upepo unakotoka, mvute kwa kamba au mti mrefu.