"Outwith" si "without": jibu kwa mwanafunzi wa Aberdeen

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uuguzi Aberdeen, huu ni mwaka wangu wa pili. Mkataba wa chumba changu unakataza muziki "outwith" saa zilizotajwa, na wodini ninakofanyia mazoezi neno hilohilo limebandikwa ukutani. Simu yangu imelitafsiri "bila". Kaka yangu anafundisha Kiingereza Tanga, anasema ni kosa la uchapaji, walikusudia "without". Mwenzangu wa chumbani anasema ni Kigaeli. Nani yuko sahihi? Na nikilitumia kwenye insha, nitakatwa maksi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kati ya hao watatu hakuna aliyepatia, ila hatari kubwa iko kwenye simu. Kaka yako na mwenzako wanaweza kubishiwa. Simu inajibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, nawe unaiweka mfukoni na kuendelea na shughuli zako.

Wenye nyumba wako wanasema muziki ni marufuku nje ya saa walizozitaja. Basi. Weka "nje ya" kila utakapokutana na "outwith" na mara nyingi utakuwa salama: nje ya saa za kazi, nje ya jengo, nje ya uwezo wetu, nje ya mamlaka ya mahakama. Pengine Kiswahili kitataka uzunguke kidogo. "Outwith term time" usiiandike "nje ya wakati wa muhula", sema tu wakati wa likizo.

Sasa hilo la "bila". Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinionyesha karatasi aliyokuwa ameibandika kwenye friji kwa sumaku. Mtoto wake ana pumu. Kliniki ilikuwa imempa maelezo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa kimefanywa na ofisi ya tafsiri ambayo sitaitaja. Kiingereza kilitaja saa za kliniki, kisha kikasema "outwith these hours call 111", namba ya kupigia huduma ya afya Uskoti kliniki zikiwa zimefungwa. Kiswahili kilisema: "Bila saa hizi piga 111." Yule mama, mtu mwenye akili zake timamu, alikuwa ameielewa hivi: kama huna miadi, yaani hukupewa saa, piga 111. Kwa hiyo mchana akiwa hana miadi, kliniki ikiwa wazi hatua chache kutoka kwake, alikuwa akipiga simu na kungoja. Usiku, kama alikwisha kupewa miadi, hakupiga. Nilichukua kalamu nikakata lile neno palepale kwenye mlango wa friji.

Aliyeandika "bila" hakuwa mjinga. Aliona "out", akaona "with", akakumbuka "without", akadhani herufi zimepinduka. Ndivyo alivyodhani kaka yako. Nimesikia dhana hii kwa walimu, kwa wakalimani, hata kwa Waingereza wa kusini waliohamia Edinburgh, na kila ninapoisikia damu inanichemka, kwa sababu ukweli wenyewe umekaa upande wa pili: aliyebadilika ni "without".

Zamani "with" haikuwa na maana ya "pamoja na". Kazi hiyo ilifanywa na neno "mid", ndugu wa "mit" ya Kijerumani. Wewe muuguzi unalo hadi leo kazini kwako: "midwife", mkunga, ni yule aliye pamoja na mwanamke. "With" yenyewe ilikuwa na maana ya kuelekea kitu au kukikabili, na mabaki yake yamo ndani ya "withstand", kuhimili. "Mid" ilipokufa, "with" ikarithi kazi yake. Lakini kabla ya urithi huo ilikuwa imekwisha kuungana na ndani na nje, ikazaa "within", upande wa ndani, na "without", upande wa nje. Ukienda London utakuta kata mbili zinazopakana, Farringdon Within na Farringdon Without, zilizogawanywa karne ya 14. Moja ilikuwa ndani ya ukuta wa mji, nyingine nje yake. Anayesoma jina hilo la pili kuwa "Farringdon bila" atauliza bila nini, na hatapata wa kumjibu.

Kwa hiyo "without" ilibeba mizigo miwili kwa muda mrefu, "nje ya" na "bila", mpaka mmoja ukaanguka njiani. Waingereza wa kusini wakaja kuuokota ule wa "nje ya" kwa neno "outside". Watu wa kaskazini walikuwa na njia yao: sehemu zilezile mbili, zimepangwa kinyume, "outwith". Zama za kati lilitumika Uskoti na pia kaskazini mwa Uingereza. Baadaye likarudi nyuma hadi likabaki mali ya Waskoti. Hata pacha wake, "inwith", alikuwepo. Kama kihusishi, "outwith" ni mzee kuliko "outside" kwa karne kadhaa. Nani basi amekosea kumwiga nani?

Ya mwenzako nitayapitia haraka. Kigaeli ni lugha ya Kikelti, jamaa ya Kiairishi, na hakihusiki hapa. Kiskoti ni tawi la Kiingereza cha kale cha kaskazini. Wasemaji wake wenyewe waliita lugha yao "Inglis" kabla ya kuanza kuiita "Scottis", kama alivyofanya askofu na mshairi Gavin Douglas mwaka 1513. Katika sensa ya 2011 watu zaidi ya milioni moja na nusu walisema wanakizungumza, na mwaka 2025 Bunge la Uskoti likapitisha sheria ya kukipa hadhi rasmi pamoja na Kigaeli. Ukisikia mgonjwa mzee akisema "ootwi", ni neno letu hilohilo limevaa kanzu ya nyumbani.

Linaloniudhi kuliko yote ni hawa waganga wa lugha. Siku hizi wako kwenye video za dakika moja: "Makosa kumi ya Kiingereza yanayokuaibisha." Lakini si wapya. Baada ya Uskoti na Uingereza kuungana mwaka 1707, wakubwa wa Edinburgh waliingiwa na haya ya ndimi zao. Mwaka 1752 David Hume, mwanafalsafa mzima, alichapisha orodha ya maneno ya Kiskoti ya kuepukwa. Mwaka 1761 akaja mwigizaji kutoka Ireland, Thomas Sheridan, kuwatolea mihadhara ya kuzungumza Kiingereza "safi", na mabwana wakajaa ukumbini na kulipa ada. Hebu fikiria, Mwairishi kuwafundisha Waskoti kusema kama Waingereza! Mwaka 1787 James Beattie, profesa wa hapohapo Aberdeen unaposoma, naye akachapisha orodha yake, imepangwa kialfabeti kabisa, ili wenzake wajisahihishe.

Maneno mengi yalichujwa kwenye chungio hilo. "Outwith" likapita. Mwanaisimu A. J. Aitken, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Kiskoti cha kale, alitofautisha Uskoti wa wazi na Uskoti uliojificha. Wa wazi ni yale maneno ambayo mtu huyachomoa makusudi ili ajulikane kwao ni wapi, kama sisi tunavyotupia Kimtang'ata kidogo tukiwa ugenini. Uliojificha msemaji mwenyewe hajui kuwa anao. "Outwith" ni wa aina hii ya pili. Mwulize msimamizi wako wa wodi, uwezekano mkubwa atashangaa kusikia kwamba London halitumiki. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoliokoa, maana huwezi kumtia mtu haya kwa kitu asichojua kuwa anacho. Na sheria ilisaidia. Muungano wa 1707 uliziacha mahakama za Uskoti na sheria zao, na makarani wake wakaendelea kuandika walivyozoea. Wana hata "furth of Scotland", yaani nje ya Uskoti, kihusishi kingine ambacho simu yako itakivuruga vilevile.

Tazama jambo hili dogo, mimi hulipenda sana. Sheria iliyounda Bunge la Uskoti ni ya mwaka 1998, nayo ilipitishwa Westminster, yaani bunge la London. Kifungu cha 29 kinasema sheria ya bunge hilo si sheria ikiwa iko "outside" mamlaka yake. Nenda Edinburgh uwasikilize wanasheria na wabunge wakikijadili kifungu hichohicho: "outwith competence", "outwith competence", kutwa nzima. Wanasoma neno moja, ulimi unatoa jingine, na maana haijaongezeka wala kupungua hata punje.

Na sisi Waafrika Mashariki tusijifanye wageni wa mambo haya. Wamisionari wa Kiskoti walijenga kituo chao karibu na Kikuyu, nje ya Nairobi, na mahali pale panaitwa Thogoto hadi leo: ni "Scot" iliyopita mdomoni mwa Wakikuyu. Hajatokea mtu wa kusema Thogoto ni kosa la uchapaji.

Sasa onyo, kwa kuwa uko wodini. Neno geni kama "outwith" lina heri, unaliona na unauliza. Baya ni neno unaloamini unalijua. Mskoti akikuambia "I doubt she'll need the doctor", Kiingereza cha vitabuni kitakufanya uelewe kwamba hadhani kama daktari atahitajika. Kwa wengi wao maana ni kinyume chake: nachelea huyu atahitaji daktari. "Where do you stay?" si kuuliza umefikia hoteli gani, anauliza unaishi wapi. Mgonjwa akilalamika maumivu ya "oxter", anaonyesha kwapa. Simu haisemi "hili sina uhakika nalo", inakupa sentensi laini isiyo na mkwaruzo, na ulaini huo ndio unaomlaghai mfasiri aliyechoka saa nane za usiku. Nimekwisha kuona tafsiri za mikataba, hati za polisi na fomu za ridhaa ya upasuaji zilizopitia humo na kupigwa muhuri bila jicho la mtu. Ukipewa kazi ya kumtafsiria mgonjwa na huna hakika, mwulize aliyesema, tena mbele ya mgonjwa. Aibu yako ni ya dakika moja.

Insha: kwa chuo cha Uskoti andika "outwith" bila wasiwasi. Mwalimu wako huenda asiligundue hata kidogo. Ukipeleka makala kwenye jarida la London au la Marekani weka "outside", maana mhariri atalipigia mstari na mtapotezeana muda. Kwenye kumbukumbu za wagonjwa fuata wanavyoandika wenzako wa wodi. Mkazo wa sauti uweke mwishoni, kwenye "with". Na liandike kama neno moja. Programu ya kusahihisha itataka kuligawa, "out with", na hayo ni maneno mengine kabisa, ya mtu aliyetoka na rafiki zake. Ikilipigia mstari mwekundu, bonyeza pale pa kuongeza kwenye kamusi, kisha umtumie kaka yako picha ya tangazo la ukutani. Kata jina la hospitali kwanza.